Eje Zuurakan Anaondoka na Majina Yetu Kichwani

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, saa tisa alasiri, Bi Zuurakan Dooletova atafunga dirisha la usajili la Kliniki ya Barabara ya Vinu kwa mara ya mwisho, baada ya kulifungua kila asubuhi kwa miaka thelathini na tisa na miezi miwili. Wanaojua mambo ya likizo wanasema katika muda wote huo alichukua tatu. Yeye anasema mbili, kwa sababu ile ya tatu aliimaliza kwenye kiti cha bustanini, ng'ambo ya barabara, akimtazama mtu aliyemshikia nafasi yake.

Sote tunamwita Eje, kama kila mtu hapa kwetu anavyomwita dada aliyemzidi umri. Hata Mkurugenzi wetu, Bi Kanykei, ambaye kwenye karatasi ndiye mkubwa wake, humwita hivyo hivyo. Aliajiriwa Machi 1986, akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake ikiwa kupanga kadi za wagonjwa kwa herufi. Mwezi haukuisha kabla hajazipanga upya kichwani kwa utaratibu wake mwingine: nani asikutanishwe na nani ukumbini. Mama mkwe na mkamwana hawakuitwa siku moja. Mdai na mdaiwa waliachiwa wiki nzima katikati.

Tuseme ukweli mapema, maana mwenyewe hapendi kusifiwa uongo: Eje hamwamini mtu. Kalamu ya dirishani imefungwa uzi, uzi umefungwa msumarini, na msumari hukaguliwa kila jioni. Tulipoletewa kompyuta ya kwanza aliifunika shali kila alipozungumza na mgonjwa, akidai ina jicho. Tulimcheka miaka mingi. Kisha zikaja kompyuta zenye jicho kweli, na waliocheka sana ndio waliokuja kumuuliza shali alinunua wapi.

Mwandishi wa wasifu huu, Eldiyar Kasymaliev, mwanasaikolojia wa kliniki, naye alishukiwa. Alifika kutoka Bishkek Februari 2019 na vishikwambi kumi na viwili na mpango mpya ulioitwa Mfuko na Moyo. Kila jioni mgonjwa angeandika humo ametumia nini na moyo wake ulikuwaje. Kishikwambi kingechora mistari miwili, mmoja wa matumizi, mmoja wa hali ya moyo, na pale mmoja ulipopanda na mwingine ukashuka ndipo mazungumzo yangeanzia. Ni njia nzuri. Mwandishi anaitetea hadi leo.

Na ilihitajika. Watu wetu huchinja farasi kwa toi, yaani karamu, ya mtoto wa binamu, huwavika wakwe majoho mapya, hualika watu mia tatu kwa mshahara wa watu wawili, na siku hizi mkopo unabonyezwa kwenye simu huku nyama ikichemka. Ni kufa na tai shingoni. Sherehe ikiisha mtu analala macho wazi miezi sita. Wengine hawaishii kukosa usingizi.

Eje alipoonyeshwa kishikwambi alikigeuza, akakitazama mgongoni kwanza.

"Kwa hiyo jioni mtu anakiambia ametumia som ngapi na amelia mara ngapi?"

"Si lazima kulia, Eje. Hali ya moyo tu."

"Na jina lake anaandika?"

"Jina na namba ya kitambulisho. Vinahifadhiwa salama, Bishkek."

"Kikishajua umenunua nini na umelia lini, kimebakiza kujua nini? Mwanangu, hata mama mkwe hajafika huko."

Mwandishi alicheka. Alikuwa kijana wa digrii mbili, na kila asiyemwelewa alimwona wa zamani. Juu ya mlango wake alipigilia bango la buluu: USHAURI WA AKILI NA MATUMIZI YA FEDHA. Chini yake akaongeza methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Eje alilisoma bango akiwa amejishika kiuno.

"Kweli kabisa," alisema. "Na mtangaza maradhi, mji huu humuumbua kabla kifo hakijavaa viatu."

Alichokuwa akisema kila mzaliwa wa hapa anakijua. Kuna Daftari. Watu wanaamini kwamba ukionekana kwa daktari wa akili, unaandikwa humo. Ukiandikwa, hupati muhuri wa daktari. Na bila muhuri hakuna leseni ya gari, hakuna kazi ya shule, na binti yako ataposwa kwa shida. Sheria imelegezwa mara kadhaa. Hofu haijaisoma.

Wiki kumi na moja zilipita. Mlango wa bango la buluu ulifunguliwa na watu wawili, fundi umeme na bibi mmoja aliyekuwa akitafuta choo. Yule bibi alipoliona bango alitoka kinyumenyume.

Mkabala na mlango huo kulikuwa na benchi la Daktari Rysbek, tabibu wetu wa meno, ambaye chumba chake kilipakana na cha mwandishi, nalo halikupoa. Kila siku watu kumi na wawili, siku nyingine kumi na wanne, wamefunga shali mashavuni wakiangalia sakafu. Mwandishi, kwa kuwa hakuwa na kazi, alianza kusikiliza. Mashine ya kutobolea meno iliunguruma mara tatu kwa siku, ikizidi sana nne. Alianza pia kutazama. Mama mmoja aliingia na shali imefunika shavu la kushoto, akatoka imefunika la kulia.

Alihesabu siku tisa, kwa alama za penseli kwenye kalenda. Kliniki hulipwa kwa kichwa cha mgonjwa, na aliyekuwa akiandika vichwa ni mmoja tu. Ilionekana wazi: Eje na Rysbek wanapika wagonjwa hewa na kugawana. Aliandika taarifa ya kurasa tatu, akaipeleka kwa Mkurugenzi kwa mkono wake, na akarudi ofisini anajiona shujaa.

Eje aliitwa siku hiyo hiyo. Mwandishi naye aliitwa kwa Mkurugenzi asikie.

"Eje, hawa watu kumi na wanne wa kila siku wana nini?" Bi Kanykei aliuliza.

"Wanaumwa jino."

"Wote?"

"Maji ya huku magumu, Kanykei."

"Basi tuwaite mmoja mmoja, tabibu mwingine awatazame."

"Kadi nitakupa. Kuwaita, hapana."

Mkurugenzi alivua miwani. "Dada yangu, nina karatasi ya mtu inasema unaandika wagonjwa hewa. Ikipanda juu, unaondoka bila kiinua mgongo. Miaka thelathini na mitatu, hewani. Niambie ni akina nani na wanakuja kufanya nini. Una mpaka Jumatatu."

Eje ni mjane. Kiinua mgongo kile ndicho kilikuwa bati jipya la nyumba yake na makaa ya mawe ya uzeeni, na kila mtu mle chumbani alilijua hilo. Hakumtazama Mkurugenzi. Alimtazama mwandishi, kwa muda, bila hasira, kisha akasema amesikia, akarudi dirishani. Siku mbili zilizofuata alihudumia watu kama kawaida na hakufungua kinywa kujitetea, hata kwa Rysbek, ambaye alikuwa akimsihi aseme chochote.

Ijumaa asubuhi mlango wa bango la buluu ulifunguliwa. Aliingia dereva wa lori la makaa, mtu wa mabega mapana, kofia mkononi, hana shali. Tutamwita Sultanmurat. Silo jina lake, na kama mjini kuna Sultanmurat mwenye lori, si yeye, msimtazame.

"Wewe ndiye uliyemshitaki Eje?"

"Niliandika nilichokiona, baike, kaka yangu."

"Basi andika na hiki. Mimi meno yangu mazima, yote, unaweza kuhesabu maana wewe unapenda kuhesabu. Naumwa jino tangu karamu ya kumbukumbu ya marehemu baba." Alikaa bila kukaribishwa. "Nilichinja farasi wawili. Nilikopa kwa simu yangu, ya mke wangu, na za shemeji zangu wawili. Tangu hapo usingizi sina. Mara mbili nimelisimamisha lori pale kwenye kona ya mlimani, nikazima injini, nikatazama chini."

"Na nini kilikurudisha?"

"Mara ya kwanza sijui. Mara ya pili nilikumbuka Eje ameniambia nirudi Alhamisi. Nikaona haya nisipotokea. Yule mama anahesabu watu."

Ndipo mwandishi alipoelezwa, na mgonjwa wake wa kwanza, jinsi kliniki yake ilivyofanya kazi. Daktari wa akili aliyemtangulia, ambaye sasa amestaafu, alikuwa akipokea watu kupitia kwa Rysbek. Mtu alifika dirishani, Eje alimtazama usoni na viatuni, akamwandika jino, akampa shali kama hana. Alikaa benchi mchana kweupe mbele ya majirani, akaingia kwa tabibu wa meno, na humo ndani kulikuwa na mlango mdogo wa kuingilia kwa daktari.

"Mlango upi?"

"Upo nyuma ya kabati lako. Ulipofika tu ukauziba."

"Kwa hiyo miezi hii mitatu mnakuja kufanya nini?"

"Eje anatupa chai. Rysbek anatupa kiti. Tunakutazama. Hatujakupitisha." Dereva alisukuma kishikwambi mezani kuelekea kwa mwandishi. "Haya, andika jina langu humo. Leseni waje waichukue. Ila yule mama mwacheni."

Naomba hapa niache kujificha nyuma ya neno mwandishi. Ni mimi. Ni mimi niliyemwandikia kurasa tatu mwanamke aliyekuwa radhi kuzeeka kwenye nyumba inayovuja kuliko kutaja mtu, na mbele yangu alikaa mtu aliye radhi kupoteza mkate wake kwa ajili ya mwanamke huyo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuizoea. Nilikizima kishikwambi. Tulilisogeza kabati sisi wawili, na mlango ulikuwapo, umepakwa rangi ile ile ya ukuta.

Mchana nilikwenda kwa Bi Kanykei kusema kwamba nilihesabu vibaya.

"Siku tisa mfululizo?"

"Ndiyo."

"Wewe unayewafundisha watu kuhesabu matumizi yao?"

"Ndiyo, Bi Mkurugenzi."

Alinitazama sana. Bi Kanykei si mjinga, amezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa. Alinipa onyo la maandishi, lipo kwenye faili langu hadi leo na lilinichelewesha cheo miaka miwili, kisha akairudisha ile taarifa mkononi mwangu na kuniambia jiko la kuchomea taka lipo nyuma. Funika kombe mwanaharamu apite.

Eje hakunishukuru, na sikustahili. Jumatatu alileta kikombe cha chai na kisahani cha malai mezani kwangu. Akasema amelitazama lile bango, msumari wake umelegea, litaanguka. Kufikia saa sita lilikuwa limeanguka.

Mafanikio yake makubwa yalianzia hapo, na jarida hili halijawahi kuyaandika. Tuliafikiana kwamba hakuna jina la mtu litakaloingia kwenye kishikwambi. Eje aliwaandikisha wote kwa majina ya meno: Gego la Chini Kulia, Chonge la Juu Kushoto, na kuendelea. Kufikia vuli kinywa kilijaa, watu thelathini na wawili, na wa thelathini na tatu alikuwa anasubiri benchini. Eje akafungua meno ya maziwa. Wakubwa wa mpango walipiga simu kutoka Bishkek kuuliza kwa nini Jino la Maziwa la Mbele ametumia som elfu arobaini kwa mazulia. Eje aliwajibu kwamba linalegea, tunalishughulikia.

Kanuni ya mpango ilikuwa mtu asubiri siku tatu kabla ya ununuzi mkubwa. Hakuna aliyesubiri. Mtu mwenye kiwewe cha kukopa hasubiri siku tatu. Hata dakika tatu ni nyingi. Eje alileta kanuni yake. Kabla hujabonyeza, piga simu dirishani uulize saa. Basi. Hakuna kueleza lolote, hata aliye karibu nawe asikie ni swali la saa tu. Angejibu, "Saa nne na dakika ishirini. Nipigie tena saa tano." Na saa tano mtu alipiga, na saa sita. Kuna siku alitaja saa mara arobaini na moja, na sauti yake haikubadilika. Wengi walipofika jioni walikuwa hawajakopa, na kesho yake walikuja benchini kuzungumza. Mtaalamu mmoja mgeni alivutiwa, akauliza utaratibu huu unaitwaje. Eje alimtazama beji, akamwambia hajui anachozungumzia.

Sasa lililo langu. Nililiweka mwisho kwa makusudi, na jana asubuhi nilimwambia Mkurugenzi kabla ya kulileta kwenu.

Majira ya baridi ya 2022, mimi, mwalimu wa vishikwambi na mistari miwili, nilinunua kwa awamu darubini, mashine ya kukimbilia, makoti mawili na viatu. Mchana niliwashauri watu, na nikifika nyumbani nilibonyeza. Sikuwa nalala. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimekaa. Nilianza kuwashuku wenzangu wote kwamba wanajua, na sikumwambia mtu, maana mimi ninayewaambia watu waseme nilikuwa naliogopa Daftari kuliko wao. Mwanasaikolojia akiandikwa humo, nani atamrudisha kazini?

Eje aliniita dirishani.

"Kifurushi chako hiki ni cha tatu mwezi huu."

"Vilikuwa na punguzo, Eje."

"Na hayo macho mekundu, nayo yalikuwa na punguzo?"

Alivua shali yake, akanifunga shavu kwa mikono yake miwili kupitia uwazi wa dirisha, kwa nguvu, fundo juu ya kichwa. "Kaa pale. Wewe wa nne," alisema. Nikakaa. Wa tatu alisogea kunipa nafasi na hakunitazama, kwa adabu ambayo nilikuwa sijajua kwamba ipo. Nililia ndani ya shali ya Eje, na kila aliyepita ukumbini aliona mtu anaumwa jino.

Yule daktari mstaafu alirudi kwa ajili yangu, mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Nilizungumza, nilimeza dawa nilizoandikiwa, niliandika matumizi yangu jioni kama mgonjwa mwingine yeyote, na nilipiga simu kuuliza saa nikiwa nimevaa saa mkononi. Nilipona kiasi cha kufanya kazi na kulala. Eje hajawahi kulitaja tena, hata kwa jicho.

Kwa mnaosoma huku mkikodoa macho kuelekea ukumbini: msijisumbue. Benchi lile sasa lina watu wa meno kweli. Njia ilishahamishwa, na Eje mwenyewe alipitisha kila neno la wasifu huu kabla haujachapwa. Alikata kurasa mbili. Alipofika kwenye habari yangu aliweka kalamu chini, akaniuliza kama nina hakika, akaniuliza tena kesho yake.

Wiki iliyopita kamati ya makabidhiano ilimwomba orodha. Kalamu zimehesabiwa, funguo zimesainiwa, ila hakuna karatasi inayoonyesha jino lipi ni mtu gani. Eje alijigusa kitambaa cha kichwa.

"Ipo humu."

"Ukiugua je, Eje?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Hata nikiugua, ni humu humu."

"Na ukifa?"

"Hapo ndipo itakuwa salama kabisa."

Tangu Machi amekuwa akimuuliza kila mmoja wa wenye majina ya meno, faraghani, kama anapenda kujitambulisha kwa atakayekaa dirishani baada yake. Baadhi wamekubali. Sultanmurat, ambaye leseni anayo na mlima anaupita bila kusimama, alikuwa wa kwanza. Wengine wamekataa na hawatakubali kamwe, na hao Eje anaondoka nao.

Eje Zuurakan, kwa miaka thelathini na tisa, kwa chai, kwa shali, na kwa yote uliyotufichia bila kutuomba tukuamini, sisi wa Barabara ya Vinu tunakushukuru. Tunakuombea miguu mizima, bati lisilovuja, makaa ya kutosha na wajukuu wenye kelele. Wastaafu wengine watu huwatakia kumbukumbu njema. Wewe tunakutakia usahau. Sahau nani alilia dirishani, nani aliuza ng'ombe wa mwisho, nani alisimamisha gari wapi. Wasahau mmoja mmoja, taratibu, mpaka kichwa kikuwie chepesi. Mimi Eldiyar Kasymaliev nimeshajitaja mwenyewe, kwa jina na kwa ukoo. Mimi unaweza kunikumbuka.